Nimeshamkalia: kichekesho cha mbuzi na silabi moja iliyobeba kisa chote

Kichekesho chenyewe nakiweka hapa juu kama kilivyoingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu, msome kwanza kabla sijaanza kukichambua:

"Bi harusi wa bara kaolewa pwani. Siku ya kwanza jikoni mama mkwe anamwambia, 'Mwanangu, wageni wanakaribia, nenda uani kakalie mbuzi.' Kimya. Baada ya muda sauti inatoka uani: 'Mama we, nimeshamkalia, ila hataki kutulia!'"

Ndo chote. Ila majibu yaliyofuata ndo yamenifanya niandike haya yote, maana ukoo wetu umetapakaa, kuna walio Tanga, kuna wa Dar, kuna wa Nairobi, kuna binamu mmoja amekulia Lubumbashi na kuna familia nzima iko Muscat tangu zamani. Watu wa Tanga waliangua kicheko, voisi noti juu ya voisi noti. Binamu wa Nairobi akaandika "sasa mbona alimwambia aikalie mbuzi?" Yule wa Lubumbashi akauliza "iyi njo nini?" na alikuwa anauliza kweli. Muscat wazee walicheka, vijana wao kimya. Wifi yangu, mtu wa Singida, hakucheka kabisa, na yeye nitamrudia maana ana nafasi kubwa kwenye hii habari.

Mtu akahitimisha kwamba watu wa bara hawajui utani, na maongezi yakahamia kwenye mchango wa harusi. Mi nikabaki palepale kwa sababu naona hilo jibu sio la kweli na linawaonea watu. Kila mmoja alisoma maneno yaleyale na kila mmoja aliyaelewa sawasawa kabisa kwa Kiswahili chake. Kilichotofautiana ni vitu viwili, kwanza kilichopo jikoni kwao, pili ngeli zao. Na hasa ngeli, ambazo nadharia nyingi za vichekesho hazizigusi kwa sababu zimejengwa juu ya lugha zisizo na upatanisho wa kisarufi kama wetu.

Tuanze na kifaa. Mbuzi ya nazi ni kigoda kidogo cha mbao, mara nyingi cha kukunja, na kwa mbele kumechomoza ulimi wa chuma wenye meno kwenye ncha. Unakikalia ili uzito wako ukizuie kisisogee, chini ya ule ulimi unaweka sinia au bakuli, unashika nusu ya nazi kwa mikono miwili na kuizungusha juu ya meno, nazi inaanguka nyeupe kwenye sinia mpaka kifuu kibaki kitupu. Halafu unatia maji, unakamua, unachuja, tui la kwanza unaweka pembeni, la pili unapikia. Wengine wanaita kibao cha mbuzi, wengine mbuzi ya kukunia, wengine mbuzi basi. Cha kushika hapa ni kwamba kifaa hiki kinakaliwa. Kwa mtu wa pwani "kukalia mbuzi" ni kazi ya jikoni, haimshtui hata kidogo.

Sasa nadharia kidogo. Mwaka 1985 Victor Raskin, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, alitoa hoja kwamba maandishi yanakuwa kichekesho pale yanapoingia kwenye picha mbili kwa wakati mmoja, picha kwa maana ya ule ujuzi tulionao kichwani kuhusu jambo fulani linavyokwendaga, na hizo picha mbili lazima zipingane kwa namna fulani. Mfano wake mkuu ni wa mgonjwa anayekwenda kwa daktari akinong'ona kwa sababu kifua kimembana, anauliza kama daktari yupo, mke wa daktari naye anamjibu kwa kunong'ona kwamba hayupo, ingia tu ndani. Mpaka hapo karibu na mwisho tulikuwa kwenye picha ya matibabu, ghafla tuko kwenye picha ya mapenzi ya siri, na ule mnong'ono umetumika pande zote mbili.

Ukikipima kichekesho chetu kwa kipimo hicho utaona aliyekitunga alikuwa fundi. Angalia "wageni wanakaribia": mgeni akija pwani unapika wali wa nazi, mgeni akija popote pengine unachinja mbuzi, kwa hiyo maneno hayo yanalisha picha zote mbili. Angalia "uani": uani ndo wanawake wanakofanyia kazi za mapishi, na uani hukohuko ndo mbuzi wa kufuga anafungwa. Angalia "bi harusi wa bara", mtu ambaye hajui vyombo vya nyumba hii. Hakuna neno lililowekwa kujaza nafasi. Na neno "nazi" halipo popote, hilo ndo la maana kuliko yote, kwa sababu lingeingia tu, picha ya mnyama ingekufa kabla haijazaliwa.

Sasa njoo kwenye pigo lenyewe. Mwaka 1966 huko Ufaransa Violette Morin alichambua vichekesho vifupi vya magazetini, na watafiti waliofuata njia hiyo wakatenganisha vitu viwili ambavyo mi vimenisaidia sana: kuna neno linalounganisha picha mbili, na kuna neno linalokurusha kutoka picha ya kwanza kwenda ya pili. Tuviite kiungo na kirushio. Kiungo chetu ni "mbuzi", hilo liko wazi. Je kirushio kiko wapi? Watu wengi niliowauliza kwenye grupu walisema ni "hataki kutulia". Mi nasema hapana, hicho ni cha pili. Cha kwanza kimeshapita, kiko katikati ya "nimeshamkalia". Livunje hilo neno: ni, me, sha, m, kalia. Hiyo "m" ndo mbuzi mwenyewe amesimama kwa miguu minne. Ingekuwa kifaa angesema "nimeshaikalia". Sauti moja tu, midomo inafunga inafunguka, na kile kigoda cha mbao kimeota pembe.

Nataka mkae na hilo kidogo kwa sababu kwangu ni jambo la ajabu sana. Kwenye mfano wa Raskin mrusho unahitaji sentensi nzima, "ingia ndani". Kwa lugha nyingi mchekeshaji anasubiri mpaka neno zima la mwisho ndo analipua. Sisi tunaweza kulipua kwa silabi iliyofichwa tumboni mwa kitenzi, na msikilizaji wa pwani anaipata hewani bila kujua ameipata wapi, ndo maana wanaanza kucheka kabla hujafika kwenye "kutulia". Hiyo "hataki" inayofuata ni ya kuwanusuru waliochelewa, maana nayo imebeba ngeli ileile, ingekuwa kifaa ingekuwa "haitaki". Kwa hiyo kuna virushio viwili vimepangwa nyuma na mbele, na hiyo sio bahati, kwenye sauti "m" inamezwa kirahisi mtu akiongea haraka.

Lakini nguvu hiyohiyo ndo inayofanya kichekesho cha namna hii kiwe kigumu kutunga kwa Kiswahili. Ngeli ni msaliti. Ukitaka kucheza na neno lenye maana mbili, moja ikiwa ya kiumbe na nyingine ya kitu, kila kivumishi na kila kitenzi kitakachokaa karibu nalo kitatangaza maana uliyoikusudia. Mbuzi mnyama yuko A-WA: mbuzi huyu, mbuzi wangu, mbuzi amepotea. Mbuzi kifaa yuko I-ZI: mbuzi hii, mbuzi yangu, mbuzi imepotea. Huna pa kujificha. Kifaru amefika ni mnyama, kifaru kimefika ni cha jeshi. Kiboko amelala yuko mtoni, kiboko kimelala kipo juu ya meza ya mwalimu. Paa amekimbia, paa limevuja.

Kwa hiyo mtunzi lazima atafute vichaka vya kisarufi ambavyo upatanisho haufiki. Na vipo, ila ni vichache. Kuna kitenzi cha kuamrisha bila kiwakilishi cha mtendwa, "leta mbuzi", "kalia mbuzi". Kuna "ni" na "si". Kuna "kuna" na "hakuna". Na kuna "hu" ya mazoea ambayo haibebi mtenda kabisa, ukisema "tembo huangusha watu" sijui bado unanionya kuhusu mnyama au kuhusu pombe ya mnazi. Wahenga walilijua hilo vizuri, sikiliza "mgema akisifiwa tembo hulitia maji", ile "hu" haitaji mtenda, halafu "li" inaingia kuhakikisha tembo hapa ni la kunywa. Kwenye methali hiyo "li" inafunga utata ili fundisho lieleweke, kwenye kichekesho mtunzi angeitoa makusudi na kuacha mlango wazi.

Mama mkwe wa kichekesho chetu kafichwa kwenye kichaka cha kwanza, "kakalie mbuzi". Hajasema "kaikalie" wala "kamkalie". Na hapa ukoo wetu ulinifanyia kazi ya utafiti bila kukusudia, kwa sababu Jumamosi asubuhi bamdogo wangu, ambaye hakuona kwamba kimeshatumwa, akakisimulia upya kwa voisi noti, na akasema "nenda uani kaikalie mbuzi". Kimya grupu zima. Sio kwamba watu walishakisikia, maana wengine ndo walikuwa wanafungua simu siku hiyo. Ni kwamba "i" imeshatufungia kwenye kifaa, kwa hiyo bi harusi anapojibu "nimeshamkalia" haonekani tena kama mtu aliyeelewa tofauti, anaonekana kama hajui kusikiliza, au hajui Kiswahili. Kicheko kinageuka kuwa masikitiko.

Halafu shangazi akataka kumsahihisha kaka yake, akaandika "alisema kamkalie mbuzi jamani". Ikawa mbaya zaidi! Sasa mama mkwe ndo kawa wa ajabu, anamtuma bi harusi akamkalie mnyama siku ya kwanza, na bi harusi katii tu. Picha ya jikoni imeondoka kabisa, imebaki picha moja, na picha moja haichekeshi mtu. Kwa hiyo tuna matoleo matatu, yanatofautiana kwa silabi moja mahali pamoja: hakuna kitu, "i", "m". La kwanza linaishi, mawili yanakufa, na kila moja linakufa kifo chake. Ningekuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ningefundishia viwakilishi vya mtendwa kwa hayo matatu na nisingehitaji ubao mwingine.

Tuje kwa binamu wa Nairobi, maana jibu lake ndo limenifungua macho. Alisema "aikalie mbuzi". Wengi walidhani anamaanisha kifaa. Hapana, alikuwa anamaanisha mnyama! Kwa Kiswahili cha kila siku cha Nairobi wanyama mara nyingi wanachukua I-ZI, utasikia "ng'ombe imekunywa maji", "mbwa yangu imepotea", watu wanaelewana vizuri na maisha yanaenda, darasani ndo wanabadilisha. Kwa hiyo kwake "i" haitenganishi mnyama na kifaa, na "m" kwenye "nimeshamkalia" aliiona kama Kiswahili cha kitabuni tu, Kiswahili cha watu wa Tanga, haikumrusha popote. Kirushio chetu kikuu kwake hakina risasi.

Na kuna la pili juu yake. Mtu wa pwani akisikia "kakalie mbuzi" anaingia kwanza jikoni, halafu pigo linamtupa kwa mnyama. Mtu ambaye mbuzi ya nazi haiko nyumbani kwao anaingia moja kwa moja kwa mnyama, kwa hiyo anashangaa tangu sentensi ya kwanza, ndo maana akauliza "mbona". Anapofika mwisho anakuta mnyama hatulii, eeh, ulitegemea atulie? Hakuna mrusho kwa sababu alishakuwa upande ule. Yaani amekaa kwenye viatu vya bi harusi, na bi harusi ndo mtu pekee kwenye hicho kisa ambaye hana cha kucheka.

Nikamtumia pembeni toleo jingine: bi harusi anasema "mama, nimeikalia lakini inaruka ruka", mama mkwe anajibu "inaruka vipi na nazi bado ziko huku?" Akacheka palepale, akasema kumbe ni ile mbuzi waliyofundishwa shule ya msingi. Angalia kilichobadilika. Kirushio kimetoka kwenye sarufi kikahamia kwenye msamiati, sasa ni "nazi", na safari imegeuzwa, tunatoka kwa mnyama kwenda jikoni. Kisa kilekile, mama yuleyule, lakini kwa maumbile yake ni kichekesho kingine kabisa. Na nikiwapa Tanga hilo toleo la Nairobi nadhani watasema limechelewa.

Kwa Lubumbashi mambo ni magumu zaidi na sitajifanya kuna dawa. Kiswahili cha kule nacho kina "yangu" inayokwenda kwa kila kitu, watu wanasema "mutoto yangu", ila hilo sio kizuizi kikubwa, kizuizi ni kwamba kule bara ndani mnazi hauko uani na kifaa hakina jina hilo vichwani mwa watu. Kichekesho chenye kiungo kinahitaji maana zote mbili ziwe tayari kichwani kabla hujaanza kusimulia. Nikimtumia picha ya kifaa kwanza, nimeshamwambia jibu. Nikimtumia baadaye, ataelewa, atasema "aaah", na "aaah" sio kicheko. Vijana wa Muscat nao ndo hivyohivyo, Kiswahili chao kizuri na ngeli wanazo, walirithi kwa bibi zao waliotoka Unguja, ila tui kwao linatoka kwenye pakiti au kwenye blenda.

Kuna swali moja mtu makini atauliza: sawa neno lina maana mbili, lakini ni nani mwenye akili timamu ataambiwa akalie mnyama na akaenda? Hili ndo linalotenganisha kichekesho kizuri na mchezo wa maneno mtupu. Jerry Suls mwaka 1972 alieleza kwamba kuchekesha kuna hatua mbili, kwanza tunakutana na jambo lisiloingia akilini, halafu tunatafuta kanuni itakayolifanya liingie, hata kama ni kidogo tu. Kanuni yetu iko kwenye maneno "bi harusi", "mama mkwe" na "siku ya kwanza". Mkwe mgeni hamuulizi mama mkwe "unamaanisha nini?" Anasema abee mama, anakwenda. Jaribu kuweka mtoto wa kiume wa nyumba ile badala ya bi harusi, kisa kinakufa hapohapo, mtoto angegeuka akamwambia mama acha mambo yako. Jaribu kuweka mfanyakazi, kinakuwa kisa kichungu na mi nisingekicheka.

A. R. Radcliffe-Brown, yule mwanaanthropolojia wa Uingereza, mwaka 1940 aliandika kuhusu utani wa koo na makabila, akaonyesha kwamba utani na kuheshimiana kwa kukwepana ni ndugu, vyote vinatunza mahusiano ambayo yangeweza kuleta msuguano. Sisi hilo tunaliishi. Bibi na mjukuu ni utani, mashemeji ni utani, Mnyamwezi na Mzaramo ni utani tangu enzi za misafara. Lakini mtu na mkwewe ni heshima. Kwa hiyo bi harusi anapopaza sauti "Mama we, nimeshamkalia", hawezi kuwa anamtania mama mkwe, hiyo njia imefungwa na adabu, na kwa kuwa imefungwa tunajua anasema kweli, amemkalia kweli, anahangaika kweli huko uani na nguo zake za harusi. Adabu ndo inayokibeba kisa kifike mwisho. Na mama mkwe naye hana kosa. Paul Grice kwenye makala yake ya 1975 alisema watu wanaoongea hupeana habari kwa kiasi kinachohitajika, sio pungufu na sio zaidi. Kwenye jiko lake mama yule hakuna mtu aliyewahi kuhitaji kuambiwa "mbuzi ya nazi". Wote wawili wamefuata kanuni, na kanuni zimegongana.

Hapo ndo ninapomrudia wifi yangu. Aliandika hivi: "Mimi nilikuwa nakuna nazi kabla sijamjua kaka yenu." Watu wakamwambia usichukulie serious ni utani tu. Sikupenda jibu hilo. Mwaka 1991 Raskin na Salvatore Attardo walipanua ile nadharia wakaorodhesha mambo sita yanayounda kichekesho, na moja kati ya hayo ni mlengwa, yaani nani anachekwa, na wakasema hilo moja linaweza hata lisiwepo. Kwenye chetu lipo. Kichekesho hakijasema "msichana mjinga", kimesema "wa bara", na kwa kusema hivyo tu kikapata ujinga bure, bila kuulipia hata neno moja la ziada, kwa sababu msikilizaji wa pwani anao tayari kichwani. Hiyo ni sehemu ya maana inayotengenezwa, na anayelengwa anaiona kabla ya mwingine yeyote. Wifi hakukosa kuelewa. Alielewa tabaka ambalo sisi wengine tuliliruka.

Na dawa aliipata mwenyewe, ilikuwa Jumapili usiku. Akatuma hiki:

"Mama mkwe wa pwani kaenda kumtembelea mkwewe Singida. Mkwe anamwambia, 'Karibu mama, leo kuna mbuzi.' Mama anajibu, 'Afadhali mwanangu, maana yangu imekwisha meno.'"

Nilisimama. Kaingia kwenye kichaka kilekile, ila kachagua "kuna", ambayo haionyeshi ngeli ya mbuzi hata chembe, na juu ya hapo "kuna" ni kitenzi cha kukuna nazi, kwa hiyo sikio la pwani linavutwa jikoni bila kuambiwa. Mkwe yuko kwa mnyama wa kuchinja, mama yuko kwa kifaa, na safari hii anayeonekana mgeni wa mambo ni mtu wa pwani aliyeko Singida. Kirushio ni "yangu imekwisha", ngeli tupu, kinyume kabisa cha "m" ya kwanza.

Tanga wakacheka, tena kwa adabu kidogo. Nairobi tukarudi palepale: binamu akauliza kama mbuzi ya mama ilikuwa imezeeka. Na ana haki kabisa, mbuzi mzee anaisha meno, kwa Kiswahili chake "yangu imekwisha meno" ni mnyama mzima mwenye afya mbaya. Meno yanafaa pande zote mbili kwa hiyo hayamrushi popote, kazi yote imeachiwa ngeli, na ngeli kwake haifanyi hiyo kazi. Wifi akafikiri kidogo akafuta, akatuma tena, amebadilisha sehemu moja tu: "Afadhali mwanangu, maana yangu imeota kutu."

Mbuzi mnyama haoti kutu Tanga, haoti Nairobi, haoti popote. Mtu wa Tanga alishafika kwenye "yangu", kutu kwake ni nyongeza tamu. Mtu wa Nairobi alipita "yangu" bila kuiona akarushwa na "kutu", nukta moja baadaye, na akacheka kwa sauti kwenye voisi noti mpaka mkewe akasikika nyuma akiuliza kuna nini. Lubumbashi bado aliandika "?" na tukamtumia picha.